Vitone Juu ya Irabu: Mgeuko wa Irabu katika Kijerumani na Istilahi Zake

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa nitafsiri barua ya Kijerumani iliyohusu malipo ya mitambo. Barua yenyewe sikuiona. Nilichopewa ni nakala iliyopigwa upya na karani ambaye mashine yake haikuwa na herufi za Kijerumani. Mwishoni mwa sentensi moja ndefu palikuwa na maneno haya: 'der Restbetrag wurde im Januar gezahlt', yaani salio lililipwa mwezi wa Januari. Nikatafsiri hivyo. Ilipokuja kupatikana barua ya asili, ilionekana kwamba juu ya herufi u ya neno 'wurde' palikuwa na vitone viwili: 'würde'. Mwandishi hakuwa akitoa taarifa ya malipo, bali alikuwa akikariri ahadi aliyopewa, kwamba salio lingelipwa Januari. Fedha hizo zilikuwa hazijalipwa. Karani aliviona vitone kuwa pambo akaviacha. Mimi niliyejua Kijerumani nilikuwa na kosa kubwa kuliko lake, maana niliiona nakala isiyo na kitone hata kimoja katika kurasa mbili nisiulize.

Makala haya yanakusudia kueleza vitone hivyo ni nini, vimetokana na nini, vinafanya kazi gani katika sarufi, na vinampasa mfasiri, mwalimu na mtunza majalada uangalifu wa namna gani. Mwishoni nitapendekeza istilahi chache, kwa sababu upungufu wa majina ndio uliozaa sehemu kubwa ya matatizo haya. Watu wengi huviita vitone hivyo 'alama za mkazo'. Mtu akisha kuamini kwamba alama fulani ni ya mkazo tu, haoni hasara kubwa katika kuiacha.

Vitone si mkazo

Kijerumani, kama Kiswahili, hakiandiki mkazo. Sisi huandika 'barabara' kwa namna moja, na msomaji hutambua kwa muktadha kama ni njia ya kupitia magari, au ni 'barabara' kwa maana ya sawasawa, ambayo mkazo wake uko mahali pengine. Wajerumani nao wanalo neno ambalo kila mfasiri angefaa kulijua, kwa kuwa ni jina la kazi yake: 'übersetzen'. Mkazo ukiwa katika silabi ya 'setz', maana yake ni kutafsiri. Ukiwa katika silabi ya kwanza, maana yake ni kuvusha kwa chombo hadi ng'ambo. Tahajia ni ile ile, na vitone viko pale pale katika matamshi yote mawili. Hii yatosha kuthibitisha kwamba vitone havihusiani na mkazo. Alama za mkazo halisi, kama ile iliyomo katika neno 'Café', huonekana katika maneno ya kukopa tu, hasa ya Kifaransa.

Ufananisho ulio karibu zaidi na vitone katika maandishi yetu ni ile alama ndogo ya ng'. Aandikaye 'ngoa' mahali pa 'ng'oa' hakuacha pambo. Ameandika neno jingine, maana ngoa ni wivu au tamaa, na kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ndivyo ilivyo kwa ä, ö na ü. Hizi si a, o na u zilizotiwa nakshi. Ni irabu nyingine.

Mtu atakaye kutamka ü na aanze kwa i ya Kiswahili kama katika 'kiti', kisha, bila kuusogeza ulimi, aikunje midomo kama apigaye mluzi. Kwa ö na aanze kwa e, afanye vivyo hivyo. Ä ni nyepesi kwetu, kwani iko karibu sana na e yetu. Mkusanyiko äu hutamkwa takriban kama 'oi', kwa hiyo 'Häuser', nyumba nyingi, husikika kama 'hoiza'.

Asili ya mgeuko

Chanzo cha irabu hizi ni jambo ambalo msemaji wa Kiswahili yuko katika nafasi nzuri ya kulielewa. Katika Kijerumani cha Kale, ambacho maandishi yake huanza kuonekana katika karne ya 8, mgeni aliitwa 'gast' na wageni waliitwa 'gesti'. Kiambishi cha wingi kilikuwa na irabu i. Msemaji alipoanza kutamka a ya mzizi, ulimi wake ulikuwa tayari unajiandaa kwa i iliyokuwa inakuja, ukasogea mbele na kupanda juu, na a ikageuka kuwa e. Kwa njia hiyo hiyo 'lamb', mwanakondoo, ilikuwa na wingi 'lembir'. Baadaye viambishi vilichakaa: 'gesti' ikawa 'geste', ambayo leo huandikwa 'Gäste'. Sauti ya i iliyosababisha mgeuko imetoweka, na mgeuko umebaki.

Kiswahili kina mkasa unaofanana na huo, ila ulizipata konsonanti. Kutokana na 'pika' tunapata 'mpishi', kutokana na 'fuata' tunapata 'mfuasi', na vivyo hivyo 'penda' na 'mpenzi', 'lewa' na 'mlevi', 'gomba' na 'mgomvi'. Kiambishi -i cha mwisho kiliibadili sauti iliyokitangulia. Tofauti ni kwamba kwetu i ingali ipo mwishoni mwa neno, kwa hiyo mwenye kosa bado anaonekana; kwa Wajerumani amekwisha kukimbia. Kuna jozi moja inayonifurahisha sana, nayo ni 'kaufen', kununua, na 'Käufer', mnunuzi. Kiambishi -er cha leo kilikuwa zamani -ari, chenye i mwishoni.

Isichanganywe hali hii na jambo jingine lililomo katika Kiswahili, yaani ule upatanifu wa irabu unaotufanya tuseme 'limia' na 'fungia' lakini 'somea' na 'chekea'. Huko irabu ya mzizi ndiyo inayoitawala ya kiambishi, na athari yaenda mbele. Katika Kijerumani athari ilirudi nyuma, kutoka kwenye kiambishi hadi kwenye mzizi. Wala haifai kulinganisha na 'wa-ingi' kuwa 'wengi', kwa sababu hapo irabu mbili zilizokutana zimeungana kuwa moja.

Historia hii huondoa fumbo la jozi fulani ambazo wanafunzi hulalamikia. 'Schön' ni nzuri, na 'schon' ni tayari au kwisha. Yalikuwa neno moja. Kivumishi kilikuwa 'scōni', chenye i, na kielezi kilikuwa 'scōno', kisicho na i. Cha kwanza kikapata mgeuko na cha pili kikabaki kama kilivyokuwa, halafu maana zikaachana. 'Fest', imara, na 'fast', karibu au nusura, zina kisa hicho hicho. Na 'drucken', kupiga chapa, si chochote ila 'drücken', kubana au kubonyeza, kama ilivyotamkwa kusini mwa nchi bila mgeuko. Ufundi wa matbaa ukaipa kazi yake maalumu.

Kazi ya mgeuko katika sarufi

Kama mgeuko ungalikuwa unatenganisha jozi chache za maneno tu, mfasiri angeweza kuzikariri. Lakini umeenea katika sarufi nzima. Hutumika katika wingi: 'Buch' na 'Bücher', kitabu na vitabu. Hutumika katika kulinganisha: 'alt' na 'älter', '-zee' na 'zaidi kwa umri'. Hutumika katika nafsi za kitenzi: 'ich fahre' ni ninasafiri, 'er fährt' ni anasafiri.

Mara nyingine hakuna dalili nyingine yoyote katika nomino isipokuwa mgeuko wenyewe. Mama ni 'die Mutter' na akina mama ni 'die Mütter'. Binti ni 'die Tochter' na mabinti ni 'die Töchter'. Hata kitambulishi 'die' hakibadiliki. Katika sentensi kamili kitenzi kitatusaidia, bali katika kichwa cha jedwali au fomu ya kliniki hakuna kitenzi, na vitone ndivyo pekee vinavyoonyesha kama safu ile yahusu mzazi mmoja au wengi.

Mwanafunzi atauliza kanuni ni ipi. Hakuna inayomtosheleza. 'Grund', sababu, hufanya 'Gründe', lakini 'Hund', mbwa, hufanya 'Hunde'. 'Auto', neno jipya, hufanya 'Autos' bila mgeuko, ilhali 'Kanal', ambalo nalo ni la kukopa, limeingia katika kundi la zamani likafanya 'Kanäle'. Mwalimu mwema huwafundisha wanafunzi kila nomino pamoja na wingi wake tangu siku ya kwanza, kama vile sisi tunavyomfundisha mgeni 'jino' pamoja na 'meno'.

Mahali pa hatari kubwa ni vitenzi vya dhana na sharti, na hapo ndipo nilipojikwaa mimi. 'Hatte' ni alikuwa na, 'hätte' ni angekuwa na. 'Konnte' ni aliweza, 'könnte' ni angeweza. 'Wurde' husimulia lililotendwa, 'würde' hulisogeza katika dhana, ahadi au sharti. Kiswahili hutofautisha hali hizi kwa silabi nzima, -li- na -nge-, ambazo hakuna karani awezaye kuzidondosha asione. Kijerumani kimeziweka katika vitone viwili. Katika mkataba, hati ya mahakama au kumbukumbu za mkutano, tofauti hii ndiyo tofauti kati ya tukio na nia. Ongeza hapo 'fordern', kudai, na 'fördern', kuendeleza au kusaidia. Na 'zahlen', kulipa, na 'zählen', kuhesabu. Barua ya wizara inayosema kwamba serikali fulani inaudai mradi wetu si barua ile ile inayosema kwamba inausaidia.

Mabadiliko mengine ya irabu

Msomaji aliyewahi kufungua kitabu cha Kijerumani atasema kwamba ameona irabu zikibadilika bila vitone vyovyote: 'singen', kuimba, 'sang', aliimba, 'gesungen', iliyoimbwa, na 'Gesang', wimbo. Hili ni jambo tofauti. Halikusababishwa na irabu jirani, bali ni urithi wa kale sana ambao Kijerumani kinashirikiana na lugha za ukoo wake, na kazi yake ni kuonyesha njeo na kuunda nomino. Kwa sisi njia fupi ya kuliona ni kukumbuka maneno tuliyopata kutoka Kiarabu: kitabu, katibu, maktaba. Konsonanti zinasimama, irabu zinapishana kati yake. Ulinganisho huo si kamili, lakini humwondolea mwanafunzi hofu.

Mabadiliko haya mawili huweza kukutana katika kitenzi kimoja. Kutoka 'singen' tunapata 'sang' kwa njia ya urithi, kisha kutoka 'sang' tunapata 'sänge', angeimba, kwa njia ya mgeuko. Asiyetofautisha mambo haya mawili atakuwa na shida ya kutafuta 'sänge' katika kamusi.

Alama yenyewe, na majalada ya zamani

Waandishi wa Zama za Kati hawakuwa na herufi za Kilatini za kuwakilisha ö na ü, wakahangaika kwa namna mbalimbali. Njia iliyoshinda ilikuwa kuandika e ndogo juu ya a, o au u. Katika mwandiko wa mkono wa Kijerumani, uitwao Kurrent, herufi e ilifanana na vijiti viwili vifupi vilivyosimama karibu karibu. Vijiti hivyo vikafupishwa hata vikawa vitone. Kwa hiyo kila aandikaye ä leo anaandika, pasipo kujua, a yenye e juu yake, na ndiyo sababu ae, oe na ue ni mbadala halali pale vitone visipopatikana.

Mwandiko huo unatuhusu kwa karibu. Majalada ya enzi ya Wadachi yaliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, yana kurasa nyingi zilizoandikwa kwa mkono kwa namna hiyo. Katika Kurrent herufi n na u zilifanana kabisa, na ili kuzitenganisha waandishi walitia mkunjo mdogo juu ya u. Mkunjo huo si vitone vya mgeuko. Mtafiti asiyejua hilo atasoma ü kila palipo na u, na 'wurde' zote za jalada zitageuka 'würde': kosa langu mimi, lakini kwa upande wa pili. Anayeanza kusoma majalada hayo na atafute kwanza neno lisilo na shaka, mathalani 'und', maana yake 'na', aone mwandishi yule alivyokunja mkunjo wake, ndipo aendelee.

Ae, oe, ue

Mbadala huu ni salama kwa kwenda, si kwa kurudi. 'Würde' yaweza kuandikwa 'wuerde' bila hasara. Bali si kila 'ue' ni ü iliyofichwa: 'neue' ni mpya, 'Steuer' ni kodi, na programu ya kompyuta iliyoamriwa kugeuza kila 'ue' kuwa 'ü' itazalisha maneno yasiyokuwepo duniani. Majina ya watu na miji yana ukaidi wake. Goethe huandikwa kwa oe daima. Mji wa Soest una oe ambayo si ö hata kidogo, kwani e hapo huirefusha o tu.

Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya 1901 na 1906 aliitwa Götzen. Meli iliyopewa jina lake, na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915, imeandikwa katika vitabu Goetzen na Götzen, na zote mbili zakubalika. Ziko pia zilizoandika Gotzen, na hiyo ni kosa. Meli hiyo ndiyo ile ambayo tangu 1927 imeitwa Liemba.

Watumishi wa serikali hukutana na jambo hili katika pasipoti. Ukurasa wa pasipoti ya Kijerumani huonyesha jina Müller kwa vitone, lakini mistari ya chini isomwayo na mashine huonyesha MUELLER, kwa kuwa mistari hiyo hairuhusu vitone. Ni mtu mmoja. Karani anayemtuhumu kwa kuwa na majina mawili anamwonea, na yule anayeandika Muller katika kibali anazalisha jina la tatu ambalo halimo katika hati yoyote.

Mpangilio wa kialfabeti nao una njia mbili. Kamusi huihesabu ä kama a. Orodha za majina ya watu, kama vitabu vya simu, aghalabu huihesabu kama ae. Anayemtafuta Büttner, aliyechapisha diwani ya maandishi ya Kiswahili mjini Berlin mwaka 1894, asipomwona chini ya Bu na atazame chini ya Bue kabla ya kumwambia msomaji kwamba kitabu hakipo. Afadhali kila maktaba ichague njia moja na kuitangaza mlangoni.

Mwenye kamusi ya kale ajue pia kwamba matengenezo ya tahajia yaliyokubaliwa 1996 na kuanza kutumika 1998 yaliongeza ä mahali pachache ili uhusiano wa maneno uonekane: 'Stengel', bua, likawa 'Stängel', kwa kuwa ni la ukoo mmoja na 'Stange', ufito. 'Eltern', wazazi, ambalo kwa asili ni 'walio wakubwa kwa umri', limeachwa na e yake.

Istilahi

Wajerumani hutumia neno moja, 'Umlaut', kwa mambo matatu: tukio la kihistoria la irabu kugeuka, irabu iliyopatikana, na alama iandikwayo. Aliyelieneza, pamoja na mwenzake 'Ablaut', ni Jacob Grimm katika sarufi yake iliyoanza kutolewa 1819. Yeye alikuwa na tukio la kihistoria akilini. Alama ilifuata baadaye katika matumizi ya watu. Wako wanaopendelea tuseme 'umlauti' tukamaliza. Neno hilo ni rahisi kutamka, ila litatuletea mambo yote matatu katika mfuko mmoja, na mwanafunzi wetu atachanganyikiwa kama wa kwao.

Napendekeza tukio liitwe 'mgeuko wa irabu', nao uhesabiwe kuwa aina ya usilimisho. Irabu iliyopatikana iitwe 'irabu geu'. Na lile badiliko jingine la 'singen' na 'sang' liitwe 'mpishano wa irabu'. Neno 'mkazo' libaki kwa mkazo tu. Alama zote zinazotiwa juu au chini ya herufi, za lugha yoyote, zaweza kuitwa 'alama ambatishi', kwani 'alama za juu' haitoshi: Kifaransa kina ç, ambayo alama yake iko chini. Nukta zinazotiwa juu ya irabu ya Kifaransa kama katika 'naïf' zina sura ile ile ya zile za Kijerumani, lakini kazi yake ni kuzitenga irabu mbili zisisomwe pamoja, kwa hiyo ziitwe 'kitenganishi'.

Iliyobaki ni alama ya Kijerumani yenyewe. Nilianza kwa kuiita 'nukta mbili', nikaacha, kwa kuwa jina hilo limekwisha kupewa alama ya uakifishaji itanguliayo orodha. 'Vitone' nimelitumia katika makala haya yote na halijanikwaza ila mahali pamoja: kitone kimoja kipo pia juu ya i na juu ya j, na mpiga chapa anayeambiwa 'usisahau vitone' aweza kujibu kwa haki kwamba hakusahau hata kimoja. Kwa hiyo katika maagizo ya matbaa na iandikwe kwa ukamilifu, 'vitone viwili'.